Shangazi, nimeachiwa milioni sita za kuwainua wasio na kazi. Nianze wapi?

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bombo, Luwero, Uganda. Ukoo wetu ni mkubwa, na kama familia nyingi za hapa, vijana wetu wengi wako Uarabuni. Wapo walinzi, wapo wafanyakazi wa nyumbani, mmoja ni dereva wa lori. Miaka yote walikuwa wakituma pesa za mchele na sukari kwa ajili ya Ramadhani. Safari hii walisema imetosha. Walichanga wakanitumia shilingi milioni sita, nne zikiwa zaka na mbili sadaka, na agizo moja: wasaidie watu wa mtaa wetu wasio na kazi waanze biashara zao wenyewe.

Tangu habari ivuje sina raha. Orodha imefika majina kumi na manne na kila jioni mtu anabisha hodi. Nikupe wachache uwaone. Kuna mama mjane aliyekuwa akikaanga mandazi karibu na stendi. Mwaka jana mtoto wake alilazwa, mtaji wote ukaishia hospitali, na juu yake akabaki na deni la laki tatu kwa mkopeshaji. Kuna fundi viatu aliyekatwa mguu baada ya ajali ya boda boda. Kazi anaijua vizuri sana lakini anashonea nyumbani kwao, ndani kabisa, ambako hakuna mpita njia. Kuna mama wa Kikongo aliyekimbia vita vya Ituri, anasuka nywele kwenye kibaraza cha watu. Yeye si Mwislamu. Na kuna mtoto wa kaka yangu, ana diploma, huu mwaka wa tatu anazunguka na bahasha. Anataka kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu.

Wazee hawaelewani. Mjomba anasema maskini ukimpa pesa mkononi anakula, kwa hiyo wakopeshwe, tena kwa riba kidogo ili wawe na adabu. Mwingine anataka tununue vyerehani, wote wajifunze kushona. Binamu yangu anataka boda boda moja ya pamoja, watu wagawane hesabu ya kila siku. Mama yangu anasema gawa sawa kwa wote kumi na wanne, usije ukafa na dhambi ya mtu. Mke wangu anasema nirudishe pesa, maana nitapoteza jamaa na majirani kwa mkupuo mmoja.

Shangazi, niwape au niwakopeshe? Pesa au vifaa? Mmoja mmoja au kwa kikundi? Na nikikosea, nitawaambia nini walioko huko waliozitolea jasho?

Mwenye amana, Bombo

—

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Usizirudishe. Walioko Uarabuni wamefanya jambo la maana, na wamekuchagua wewe kwa sababu wanakujua. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu swali lako ni la watu wengi. Kila mtaa siku hizi una mtu aliyeshika pesa kidogo ya kuwainua wenzake, na wengi zinawafia mikononi kwa kukosa utaratibu, wala si kwa kukosa nia.

Niwape au niwakopeshe? Wape. Hapo sina shaka hata kidogo, na sababu ya kwanza ni ya dini kabla haijawa ya biashara. Zaka si pesa ya kuzungusha. Wanazuoni wengi wanasema ni lazima imilikiwe na anayepewa, iwe yake moja kwa moja. Tena katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa Uganda, imeandikwa tangu zamani kwamba maskini mwenye ufundi apewe kiasi cha kununua zana za ufundi wake, na mfanyabiashara apewe mtaji unaolingana na biashara yake. Kwa hiyo wanao wa Uarabuni hawajazua jambo geni. Na hiyo riba ya mjomba ya kutia watu adabu, juu ya mali ya zaka, sijui angeielezaje msikitini.

Sababu ya pili ni kwamba hofu ya mjomba ilishapimwa hapahapa kwetu. Mwaka 2008 serikali ilitoa ruzuku kwa vikundi vya vijana wa kaskazini. Waliandika wenyewe wanachotaka kufanya, wakapewa pesa, wakaachiwa. Kwa wastani kila mmoja aliangukiwa na karibu dola 382. Waliomba wengi kuliko pesa zilizokuwepo, wakachaguliwa kwa bahati nasibu, na watafiti wakawafuatilia waliopata na waliokosa. Baada ya miaka minne waliopata walikuwa wakiingiza asilimia 38 zaidi ya wenzao. Wengi walikuwa wameziweka kwenye ufundi na zana. Kitgum na Gulu nako, wanawake maskini sana, wengi wao wakiwa wametoka kambini baada ya vita, walipewa kama dola 150 kila mmoja pamoja na siku tano za mafunzo ya biashara, na mwaka mmoja na nusu baadaye kipato chao kilikuwa karibu mara mbili. Hawa ndio watu ambao kila mzee angeapa kwamba watakula pesa.

Lakini nisikutie tamaa isiyo na mwisho. Wale vijana wa kaskazini walipotembelewa tena baada ya miaka tisa, waliokosa ruzuku walikuwa wameshawafikia kwa kipato. Pesa ile iliwawahisha. Maisha mengine yote yalibaki na milima yake. Kwa hiyo waambie walioko huko ukweli: mnawapa watu mwanzo wa mapema, hamuwapi utajiri.

Sasa vyerehani na boda boda. Anayetaka kununulia watu wote kitu cha aina moja anawaza urahisi wake yeye. Mafundi cherehani kumi na wanne mtaa mmoja wa Bombo watamshonea nani? Na boda ya pamoja, mwanangu, siku gurudumu likipasuka itakuwa ya nani? Mtu achague biashara yake. Wewe muulize mambo matatu tu: atamuuzia nani, bidhaa atazitoa wapi, na nani anayemjua anafanya kazi hiyo sasa hivi ambaye yeye amekaa naye akaona pesa inavyoingia na kutoka. Asiye na jibu la swali la tatu apewe muda, aende akakae na mtu wa kazi hiyo, halafu arudi.

Hapo namfikia mtoto wa kaka yako. Kibanda cha pesa za simu kinahitaji floti kubwa, yaani pesa ya kuzungusha, na kamisheni ya muamala mmoja ni ndogo. Fungu atakalopata kwako litaisha kabla ya saa nne asubuhi siku ya kwanza ya mwisho wa mwezi, wateja watahamia kibanda cha pili, na hawatarudi. Isitoshe, kosa moja la namba au tapeli mmoja wa simu hufuta faida ya wiki nzima. Simkatishi tamaa. Aombe kukaa kwenye kibanda cha mtu hata mwezi mmoja, aone. Diploma yake ina kazi nyingine: mtaa wote unahitaji mtu wa kuwafundisha kuandika daftari. Na jina lake litakapojadiliwa, wewe toka chumbani. Usiseme neno. Ukifanya hilo mbele ya watu, nusu ya ugomvi unaouogopa utakwisha siku hiyohiyo.

Maana usiamue peke yako. Tafuta watu watatu, mmoja awe mwanamke anayeheshimika, na asiwepo mwenye ndugu wa karibu kwenye orodha. Kaeni barazani mchana kweupe. Mama yako ana roho nzuri, lakini milioni sita kwa watu kumi na wanne ni laki nne na ushee kila mtu, na kwa wengine hiyo haitoshi kusimamisha kitu. Ningechukua wanane, laki sita kila mmoja, kiasi kinachokaribia kile walichopewa wanawake wa Kitgum na Gulu. Hiyo ni milioni nne na laki nane. Mpe laki nne sasa na mbili baada ya miezi mitatu. Hizo mbili zisiwe za masharti, ni zake hata akibadilisha biashara, ila msikilizane na imamu juu ya kuzichelewesha. Nimewaona wengi wakijifunza bei za sokoni kwa mtaji wa kwanza wote, na wakati wameshajifunza hawana tena cha kununulia.

Twende kwa mama wa mandazi, kwa sababu kwake ndiko ninakotaka usimame uangalie kwa makini. Tuseme anakaanga kilo tano kwa siku. Unga 20,000, mafuta 12,000, sukari 4,500, hamira na chumvi 1,500, mkaa 4,000. Jumla 42,000. Anatoa mandazi 120, anauza 500 moja, ni 60,000. Kwenye karatasi ana faida ya 18,000 na kila mtu anampongeza. Sasa rudi nyumbani naye. Watoto wamekula manane asubuhi, hiyo ni 4,000. Vijana wa stendi wamechukua kumi, "mama nitakupa jioni", hiyo 5,000. Mkononi ana 51,000. Jioni ananunua posho, maharage, sabuni na mafuta ya taa kwa 12,000. Kesho anaamka na 39,000, wakati unga na mafuta vinamtaka na 42,000. Hakuna aliyeugua, hakuna aliyeibiwa, hajacheza. Mtaji umepungua kwa elfu tatu, na kesho utapungua tena, mpaka siku anakaanga kilo mbili na watu wanasema biashara imemshinda.

Hilo ndilo linaloua biashara za watu wetu kuliko kukosa semina. Pesa ya mandazi ndiyo pesa pekee iliyomo ndani ya nyumba. Ni chakula, ni karo, ni hospitali. Mtoto akipata homa usiku, mama mwenye akili zake atachukua mtaji, na mimi ningeuchukua. Wanaopenda kusema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe hawajamwona mama huyu akiamka saa kumi alfajiri na nguvu zake zote, unga hakuna.

Kwa hiyo msaada wako usiishie kwenye laki sita. Anzisha sanduku la akiba. Hapa Uganda vikundi hivi viko kila wilaya. Mtindo wake ulianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukatufikia, ukatukaa. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Mnakutana kila wiki, pesa inahesabiwa mbele ya macho ya wote, kila mtu anaweka hisa moja mpaka tano kwa bei mliyokubaliana, na mwisho wa mwaka mnagawana. Vikundi vingi hukopeshana kwa riba. Nyinyi iacheni, haiondoi utamu wa sanduku. Cha muhimu kabisa ni mfuko wa jamii, pesa kidogo inayowekwa pembeni kila wiki kwa ajili ya maradhi na msiba. Mama wa mandazi angekuwa na mfuko huo mwaka jana, mtoto angetibiwa na karai lingebaki jikoni. Kwenye ule mradi wa Kitgum na Gulu pia, wanawake waliosaidiwa kujiunga vikundi, wakawekeana akiba na kusaidiana kazi, walipata zaidi ya waliobaki peke yao.

Na sanduku liwe la wote kumi na wanne, hata waliokosa laki sita. Weka laki tano ya sadaka kama mbegu ya mfuko wa jamii. Hapo mama yako naye atalala.

Kabla hujampa huyo mjane hata shilingi, malizana na deni lake, la sivyo mkopeshaji atakuwa mlangoni kabla ya muuza unga. Wenye madeni wametajwa wazi ndani ya Qurani miongoni mwa makundi manane ya zaka, kwa hiyo mlipie kutoka huko, sambamba na mtaji wake. Ila nenda naye, mwangalie karatasi. Mwaka 2024 serikali iliwawekea wakopeshaji kikomo cha riba, asilimia 2.8 kwa mwezi. Kama amekuwa akilipishwa kumi au ishirini, hiyo si hesabu ya kuikubali kimya kimya. Muulize mkopeshaji leseni yake, mbele ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, ikibidi.

Fundi viatu simfikirii kama mgonjwa, na wewe usimfikirie hivyo. Ufundi anao. Anachokosa ni mahali. Nusu ya fungu lake huenda ikawa kodi ya kibanda kidogo palipo na wapita njia, pasipo na ngazi, penye choo anachoweza kukifikia. Hilo la choo waandaaji husahau, halafu wanashangaa mtu anafunga kazi saa saba mchana. Gundi, soli na nyuzi anazihitaji kutoka Kampala, na nauli ya taksi pamoja na boda ya kumfikisha ndani ya soko la Owino itamla faida. Mtu mwingine wa kikundi anayekwenda mjini amletee kwa bei ya dukani. Ipo pia ruzuku maalumu ya serikali kwa vikundi vya watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo ndiye wa kumwona, na nenda mara ya pili akisema rudi kesho.

Mama wa Kikongo mpe kutoka fungu la sadaka. Zaka kwa asiye Mwislamu ina maneno, sadaka haina. Usimwache nje kwa sababu mtu atasema wetu kwanza. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi na biashara nchini humu, lakini mikopo ya PDM, mpango wa serikali wa kuendeleza parishi, inataka namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo yeye hana. Milango yake ni michache kuliko ya wengine wote kwenye orodha yako. Kiti chake mwenyewe, kioo, nywele za kuanzia, na barua ya makubaliano na mwenye kibaraza ili asifukuzwe siku wateja watakapoongezeka. Hiyo barua isimamie wewe, mwalimu.

Wenye mashamba kwenye orodha, na Luwero hawakosekani, wasaidie kufika kwenye hiyo PDM ya parishi yao. Tangu mwaka 2022 inakopesha mpaka milioni moja kwa kilimo na ufugaji, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Najua wapo watakaoiepuka kwa sababu ya riba, na hilo ni lao kuamua. Wanawake wakitaka isiyo na riba, waulize kuhusu UWEP, mpango wa serikali wa vikundi vya wanawake kumi mpaka kumi na watano. Mkopo wake ukirudishwa ndani ya mwaka hauna nyongeza. Ukimwondoa mmoja kwenye orodha kwa njia hii, umempa mwingine nafasi.

Vifaa au pesa? Umeshaona jibu langu ni pesa, lakini kama mtu mwenyewe anaogopa kwamba wifi na shemeji watazimaliza kabla ya Ijumaa, na wapo wanaoogopa kwa haki, mwambie achague. Mwende naye dukani, yeye ndiye avutane bei, wewe ulipe. Wengine watakushukuru kwa kuwa na kisingizio.

Halafu watembelee. Mara moja kwa mwezi inatosha, bila kamera na bila kuwapanga mstari wapigwe picha za kutumwa Uarabuni. Kaa, nunua mandazi mawili kwa pesa yako, uliza daftari linasemaje. Ukikuta biashara ya ubuyu imekuwa biashara ya mkaa, usigombe. Mtu aliyebadilisha baada ya kuona sokoni hakuna wateja anajua anachofanya.

Kuhusu waliotoa pesa, waandikie leo, kabla hujagawa chochote. Waambie ni watu wanane na kwa nini si kumi na wanne, waambie kwamba kati ya hao wanane huenda wawili au watatu wasisimame, na kwamba ripoti ya kwanza yenye majina na tarakimu itawafikia baada ya miezi mitatu, hali yoyote itakavyokuwa. Wakikubali kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, uhifadhi. Kisha muombe imamu nusu saa kesho baada ya swala ya alasiri, umwekee mbele swali la fungu la pili na la huyo mkopeshaji.

Shangazi